Amani ya Kuazima

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi nilipovunja mtungi wangu mwenyewe, mwanangu, kisha nikampeleka mwanamke mwingine kifungoni kwa ajili ya mtungi huo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sasa nimebakiwa na meno manne na sioni tena sababu ya kuficha.

Jana nilikusikia wewe na wenzako mkibishana juu ya taifa gani kubwa linafaa kuishika dunia isipasuke. Mmoja alisema asipokuwapo mkubwa mmoja mwenye nguvu, watu watakulana. Mwingine akasema mkubwa huyu amechoka, heri aje yule. Sikuingilia. Mzee akiingilia mjadala wa vijana hunyamaziwa kwa adabu, na kunyamaziwa si kusikilizwa. Ndiyo maana nimeona nikuandikie. Mambo ya dunia nzima siyajui. Nakijua kisima kimoja cha Mahabibo, na kisimani hapo nilimwona mkubwa wa dunia akiamuru, nikamwona akianguka, nikamwona mwingine akishika mahali pake, kisha yule wa kwanza akarudi. Jungu kuu halikosi ukoko. Kwangua kidogo, huenda ukashiba.

Mimi ni mzaliwa wa Nosy Be, kisiwa kidogo kando ya kisiwa kikubwa cha Bukini, upande wa Ambondrona. Baba alitoka katika zile koo za zamani za Waislamu wa pwani, wafanyabiashara waliochanganya damu ya Bukini, ya Uarabuni na ya Mrima. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, na Kiswahili hiki ninachokuandikia ni chake. Hata wakati ule walioijua lugha hii kwetu walikuwa wachache, na wengi walibaki na maneno ya sala na ya biashara tu. Mama alikuwa Mngazija. Masista wa Kifaransa walinifundisha kushona, na katika kushona nikaokota Kifaransa chao, neno moja moja, kama mtu anayeokota sindano sakafuni.

Nilipoolewa nilipelekwa Mahajanga kwa meli ya pwani, nikaingia nyumba ya mume wangu Saidi, mpakizi wa mizigo bandarini. Tulikaa mtaa wa Mahabibo. Nyumbani kwa wakwe tulisema Kingazija, na mlangoni tukitoka tulisema Kibuki, lugha ya wenyeji wa kisiwa. Baada ya miezi michache nikapata kazi ya kupiga pasi kwa mke wa ofisa mmoja wa forodha, kule mji wa chini karibu na bandari. Madamu yule alipenda kunisikia nikisema Kifaransa. Aliwaita rafiki zake wanisikie. Nami nilipenda kupendwa, mwanangu, na hapo ndipo maradhi yangu yalipoanza.

Visima vingi vya Mahabibo vilikuwa na chumvi. Chetu kilikuwa na maji matamu. Upande mmoja walikuja wanawake wa Kingazija, upande wa pili wanawake wa Kisakalava na wenyeji wengine wa Bukini. Masika maji yalitosha kila mtu. Kiangazi kikikaza, maji yalishuka mpaka ukawa unasikia ndoo ikikwaruza mawe ya chini, na hapo maneno makali hayakukosekana.

Aliyekiangalia kisima alikuwa shangazi ya baba mkwe wangu, mwanamke mzee tuliyemwita Koko, yaani bibi kwa Kingazija. Hakuna serikali iliyompa kazi ile. Alikuja tu kila asubuhi na kigoda chake na mkeka. Wawili wakigombana, aliwakalisha chini mbele yake na kuwauliza habari za mama zao, za watoto, za mguu unaouma, mpaka hasira iishe ndipo aulize habari ya ugomvi. Ilichukua muda, wakati mwingine mpaka jua la utosi. Mimi niliona ni upuuzi wa kizee. Kwa Madamu, kengele ikilia mara moja, mambo yanakwenda.

Basi asubuhi hiyo nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Akaja mwanamke wa Kisakalava jina lake Soafara, mwenye umri kunizidi kidogo, na mtoto mchanga mgongoni. Akasema mtoto ana homa, akaomba apite mbele. Wawili walionitangulia wakampisha. Mimi nikakataa. Nilikuwa nimechelewa kazini, na kweli ni hiyo tu. Lakini nilikataa kwa sauti, na nikatia neno juu ya watu wasiojua utaratibu.  Soafara akateremsha ndoo yake. Nikaishika kamba, naye akaishika, tukavutana, na mtungi uliokuwa kwenye nyonga yangu ukanitoka mkononi ukaanguka juu ya jiwe. Hakuna aliyeugusa ila mimi. Wanawake wakacheka. Soafara naye akacheka kidogo, akachukua maji yake akaenda.

Koko akaniita, "Mariamo, njoo ukae hapa."

Sikukaa. Nilikwenda kazini nikilia, nikamwambia Madamu kwamba mwanamke mmoja amenipiga na kuuvunja mtungi wangu kusudi. Madamu akamwambia mumewe, mumewe akamwambia mkuu wa polisi. Vinywa vitatu tu, mwanangu, na dola yote ya Wafaransa, pamoja na meli zake na mizinga yake, ikasimama nyuma ya mtungi wa udongo.

Wakati ule ilikuwapo sheria ya wenyeji peke yao. Mkubwa aliweza kumfunga mtu bila kumpeleka kwa hakimu. Soafara alichukuliwa siku ileile, akapewa siku kumi na tano za kuponda mawe ya barabara. Mtoto hakuruhusiwa kwenda naye. Akabaki na bibi yake, akanyweshwa maji ya mchele. Soafara aliporudi, maziwa yalikuwa yamekauka.

Kisimani nako akaletwa askari wa polisi mwenye fimbo na filimbi. Serikali ikaweka kamba mpya na ndoo mbili za chuma. Askari akachora mistari miwili mchangani, Wangazija huku, Wabuki kule. Akipuliza mara moja anateka wa huku, akipuliza mara mbili anateka wa kule. Nakuambia, foleni ilinyooka kama uzi kwenye sindano. Hakuna aliyesukumwa wala kutukanwa. Nikamwambia Koko, "Unaona? Ulichoshindwa wewe miaka yote, askari mmoja amekimaliza kwa filimbi."

Koko alikuwa anakunja mkeka wake. Hakupandisha sauti.

"Nguo ya kuazima haisitiri maungo, mwanangu. Siku mwenyewe akiitaka nguo yake, utafanyaje?"

"Wafaransa hawaondoki, Koko. Hao ndio walioishika dunia."

"Mimi nimezaliwa kabla hawajafika," akasema. "Na yule mwanamke umemwombaje radhi?"

Nikasema serikali imekwisha amua, hakuna tena la kuomba radhi. Koko akanyanyua kigoda chake. Tangu siku ile hakuja tena kisimani kukaa. Kazi yake ilikuwa imechukuliwa.

Amani ile ilikuwa na bei yake, ingawa tulichelewa kuiona. Kabla ya mwezi kwisha, kila alfajiri lilianza kuja gari la ng'ombe lenye mapipa, likachota maji ya kwanza, yale safi yaliyotulia usiku kucha, likayapeleka nyumba za wakubwa mji wa chini. Nyumba ya Madamu wangu ilikuwa mojawapo. Sisi wote, wa huku na wa kule, tuliteka kilichobaki. Askari alituambia mlinzi lazima anywe. Nani angebisha? Mwenye nguvu mpishe.

Na bei nyingine ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Tuliacha kusemezana. Zamani, hata tukigombana, nilijua nani amejifungua na nani amefiwa. Sasa tulisimama kwenye mistari miwili, macho kwenye filimbi. Miaka ikapita hivyo. Nikazaa wawili. Mtoto wa Soafara akakua, akaanza kuja na kopo lake mkononi, nami nikitazama pembeni.

Kisha vita vikubwa vikaanza Ulaya, na habari ikatufikia kuwa Ufaransa imeangushwa na Wajerumani. Madamu alilia juu ya nguo nilizokuwa nimezipiga pasi. Nilishangaa kama mtu aliyeambiwa kuwa kilima kimehama. Baadaye Waingereza wakaifunga bahari usipite mzigo wa Wafaransa. Nguo zikaadimika, sabuni ikaadimika, wapo waliovaa magunia ya nyuzi za rafia. Askari wa kisima aliendelea kupuliza filimbi, lakini kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimefungwa kwa kamba.

Kiangazi kimoja, kabla jua halijapanda, tukasikia mizinga upande wa bandari. Saidi alirudi mbio akatuambia tulale chini. Haikuchukua muda mrefu. Adhuhuri bendera ilikuwa nyingine, Waingereza wameshika mji, na askari wetu wa kisima ametoweka. Alichukua kamba na ndoo za serikali, maana alikuwa ametia saini kuzipokea.

Siku mbili watu hawakutoka ovyo. Siku ya tatu mitungi ilikuwa mikavu kila nyumba, tukaenda kisimani wote kwa pamoja, kila upande na kamba yake. Hakuna mstari, hakuna filimbi. Kamba mbili ziliteremka pamoja, zikasokotana chini, na wa huku wakavuta na wa kule wakavuta. Mtu mmoja akasema, "Leo hakuna Mfaransa wa kuwakingia." Sijui nani alisema. Nadhani maneno yale yalikuwa vinywani mwa wote tangu miaka mingi. Yakaanza matusi, yakafuata makopo, yakafuata mawe. Wanaume wakaja mbio kutoka majumbani. Shemeji yangu alipasuliwa kichwa. Ndugu yake Soafara alivunjwa mkono. Na Koko, aliyekuwa hajafika pale kwa miaka, alitoka nyumbani kwake akaingia katikati huku amenyoosha mikono miwili, akisema maneno ambayo hakuna aliyeyasikia. Aliangushwa. Tulipomnyanyua, mguu wake ulikuwa umegeuka upande.

Jioni wanaume wa Kingazija walikusanyika uani kwa baba mkwe. Walikubaliana kwamba Ijumaa baada ya sala wakutane kisimani na mapanga. Tukapata habari kuwa upande wa pili nao wananoa. Ilikuwa Jumatano.

Nilikaa kando ya kitanda cha Koko, nikimpepea. Nilikuwa na akili moja tu, ileile ya zamani: nikamtafute mkubwa. Mfaransa ameanguka, basi nimwendee Mwingereza.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwenye kituo cha polisi. Mlangoni alisimama askari mweusi mwenye kaptula na kofia ya ukingo mpana. Nikamsemesha Kifaransa, akatikisa kichwa. Nikamsemesha Kibuki. Akajiuliza mwenyewe kwa sauti, "Huyu mama anataka nini?"

Alisema hivyo kwa Kiswahili. Mwanangu, sikuwa nimekisikia kinywani mwa mtu nisiyemjua tangu nitoke kwa baba. Nikamjibu, naye akacheka kwa mshangao, akaniletea sanduku nikalie. Alikuwa koplo, Mkamba kutoka Kenya, jina lake Mutua. Kiswahili chake kilikuwa cha jeshi, kikavu, tofauti na kile cha baba, lakini tulielewana vizuri. Nikamweleza habari yote ya kisima na ya Ijumaa, nikamwomba anipeleke kwa ofisa wake atupe walinzi.

"Naweza kukupeleka, dada," akasema. "Bwana atakubali. Atakupa askari wawili. Pengine mimi nitakuwa mmoja. Nitasimama pale na bunduki, hakuna mtu atapigana. Lakini Jumamosi sisi tunaondoka kwenda bara, huko juu, kufukuza Wafaransa waliobaki. Jumapili utafanya nini?"

"Watakuja wengine."

"Watakuja. Na wao wataondoka." Akatazama kiganja chake. "Kwetu maji ni shida kuliko hapa. Zamani tulipigana na jirani zetu wa mbugani kwa ng'ombe na maji. Tukipigana, baadaye wazee wanachinja, wanakula pamoja, wanaoana. Kisha serikali ikasema marufuku kupigana. Vizuri. Watu hawafi. Lakini wazee wakaacha kukutana, kwa sababu kuna serikali. Sasa mimi nikikutana na mtu wa kule sijui hata nimsalimie vipi. Yeye anangoja serikali, mimi nangoja serikali. Na serikali imenileta hapa Bukini."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayenionyesha njia.

"Nikupeleke kwa bwana?" akauliza.

 Nikamkumbuka Koko akikunja mkeka wake, na swali lake ambalo sikulijibu miaka yote ile: yule mwanamke umemwombaje radhi? Nikamwambia koplo, "Ngoja kwanza. Kuna mtu napaswa kumwona." Akaniambia kama nikimhitaji Ijumaa, nitamkuta zamuni. Nilipogeuka akaniita, akanipa debe tupu la petroli, zuri, halijatoboka. "Hili ndilo ninaloweza kukupa bila ruhusa," akasema.

Usidhani nilikwenda kwa Soafara kwa ushujaa. Nilipita mlangoni kwake mara mbili. Mara ya tatu nikaingia. Alikuwa anapepeta mchele, na ndugu yake amelala na mkono uliofungwa vijiti. Hakunikaribisha.

"Umekuja na askari gani leo?" akaniuliza.

"Nimekuja peke yangu." Nikakaa chini mchangani, maana mkeka sikupewa. "Soafara, hukuuvunja mtungi wangu. Ulinitoka mwenyewe mkononi. Niliwadanganya Wafaransa."

Aliendelea kupepeta.

"Najua," akasema. "Nilikuwepo."

Mwanangu, katika maisha yangu nimehukumiwa na watu wengi, lakini sikupata kuhukumiwa kwa maneno machache kama hayo. Nilikuwa nimejiandaa kueleza, nikakuta hakuna cha kueleza. Nikalia, naye akaniacha nilie. Hakunibembeleza, wala mimi sikustahili. Nilipomaliza alimwita binti yake, yule aliyelelewa kwa maji ya mchele, akamsimamisha mbele yangu. Mtoto mwembamba, macho makubwa.

"Mwambie yeye pia," akasema.

Nikamwambia. Mtoto hakuelewa sana, akamtazama mama yake. Kisha Soafara akaweka ungo chini.

"Serikali ilinitangaza mvunja mitungi mbele ya watu. Kama unataka nikusikilize, kasemee hapohapo kisimani, kwa lugha yenu na kwa lugha yetu. Ukisema, nitawaambia watu wangu waweke mapanga chini. Watakubali au hawatakubali, lakini nitawaambia."

Saidi alipojua alikasirika. Akasema nitaitia aibu nyumba yao, na kwamba wanaume watageuza hasira zao kwangu. Nikamwambia, "Hasira yao niliipika mimi. Na nionje." Nikaingia kwa Koko. Maumivu yalimfanya aseme kwa kukatakata, lakini akili yake ilikuwa wazi. Nikamweleza ninachokwenda kufanya. Akanishika mkono.

"Waambie na langu. Sijui nani aliniangusha na sitaki kujua. Atakayemwaga damu kwa ajili yangu, asije kunizika."

Ijumaa baada ya sala nilikuwa nimefika kisimani kabla yao. Wanaume wa Kingazija walikuja kwa njia ya msikitini, wa Bukini wakaja kwa njia ya sokoni. Mapanga yalikuwa mikononi, wengine wameyafunika kwa nguo kana kwamba hatuyaoni. Nikapanda juu ya jiwe la ukingo.

Nikasema kwa Kingazija, nikarudia kwa Kibuki. Kwamba nilidanganya. Kwamba mwanamke alifungwa na mtoto akanyimwa ziwa kwa ajili ya uongo wangu. Kwamba nilipoletewa askari nilidhani nimeleta amani, kumbe nilikuwa nimefunika sufuria iliyokuwa inachemka. Mjomba wa mume wangu akaniamuru niteremke. Sikuteremka. Nikayasema maneno ya Koko, yote, mpaka lile la kuzikwa.  Kwa Mngazija, mwanangu, kuzuiwa kumzika mzee wako ni kufutwa katika ukoo. Mjomba yule alitazama chini, na nikaona panga lake likirudi polepole ndani ya nguo.

Soafara akatoka upande wake, akasimama karibu na kisima, chini yangu. Akawaambia ndugu zake, "Amesema. Nimesikia. Mkono uliovunjika utaunga. Nani kati yenu anataka kuwanywesha watoto wake maji ya chumvi mpaka afe?" Kijana mmoja alitaka kubisha, bibi yake akamvuta kwa shati.

Hatukukumbatiana siku ile, usije ukadhani. Watu walikaa chini tu, wa huku na wa kule, na mazungumzo yakachukua mpaka alasiri, kama mahakama za Koko. Nilitoa lile debe. Wakauliza litakaa kwa nani, na ugomvi ukataka kuanza upya, maana atakayekuwa na ndoo ndiye mwenye kisima. Soafara ndiye aliyekata shauri.

"Ndoo ilale kwetu," akasema. "Kamba ilale kwao."

Ikawa hivyo. Kila alfajiri mwanamke mmoja alitoka upande wao na debe, mwanamke mmoja akatoka upande wetu na kamba, wakakutana kisimani, wakafunga fundo. Asipokuja mmoja, hakuna atekaye. Mwanzoni walifunga fundo bila kusemezana. Lakini ni vigumu, mwanangu, kufunga fundo na mtu kila siku bila kumuuliza ameamkaje.

Miezi ikapita, Waingereza wakaondoka, Wafaransa wengine wakarudi kutawala. Mkuu mpya wa polisi akatuma askari mwingine, na filimbi nyingine. Askari akatangaza kuwa kisima kipo tena chini ya ulinzi wa serikali, na kwamba gari la mapipa litachota kwanza. Siku hiyo zamu ya fundo ilikuwa yangu na ya Soafara. Nilimjibu kwa Kifaransa, kwa mara ya kwanza nikakitumia kwa faida ya watu wangu, kwamba tunamshukuru lakini kisima kina wenyewe, na mapipa yanakaribishwa kupanga foleni baada ya kina mama wenye watoto wadogo. Akacheka. Akachora mistari yake miwili. Wanawake wakaja wakaikanyaga, wakasimama kama walivyozoea, Mngazija, Msakalava, Mngazija, wakiongea. Alipuliza filimbi, hakuna aliyegeuka. Aliketi pale siku nyingi akingoja ugomvi aamue. Haukuja. Mwisho akaacha kuja.

Hatukumshinda mkubwa, nisikudanganye. Gari la mapipa liliendelea kuja, kwa sababu bunduki zilikuwa zake. Lakini lilikuja saa tatu, baada yetu, na maji ya alfajiri tukayanywa sisi.

Koko hakutembea tena. Aliishi miaka miwili, na kila jioni Soafara alimletea debe la maji ya kuoga, tukambeba yeye na mimi, huyu kwapa hili na huyu lile. Alipokufa, watu wa kisima wote walitembea nyuma ya jeneza lake.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu, na uishike. Sisemi mkubwa hana kazi duniani. Kama askari angelikuwa kisimani siku ile, mguu wa Koko usingelivunjika. Mkono wenye nguvu unaweza kuzuia panga lisishuke, na kuna siku hilo peke yake ni rehema. Lakini mkono huo una mwenyewe, na mwenyewe ana shida zake, ana vita vyake, na siku moja atauhitaji mkono wake kwingine. Maadamu upo, amani yake iwe nafasi ya kumjua jirani. Ole wako ukiitumia kumsahau. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Na ukipewa nguvu ya kumwita mkubwa, jiulize kwanza kama unamwita kwa haki au kwa kiburi, maana mkubwa hajui habari ya mtungi wako. Anajua nani anasema lugha yake. Na atakunywa maji ya kwanza. Mwulize mapema ni mapipa mangapi.

Mkibishana nani ataishika dunia, ulizaneni pia: kwetu, nani ana kamba na nani ana ndoo, na lini mara ya mwisho walifunga fundo? Ukiona hawajakutana siku nyingi, usingoje tarumbeta la mtu. Nenda mlangoni. Ukipita mara mbili kwa woga, pita mara ya tatu. Kaa mchangani kama hukupewa mkeka. Useme kweli hata kama anaijua tayari.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuomba radhi na goti lisiloona haya. Akujaalie majirani watakaokuuliza umeamkaje, na akuepushe na amani ambayo ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mwingine. Maji yako yawe matamu, na yawatoshe wa huku na wa kule. Amina.